Nzohe Aliyezama Rubondo

Mwezi Juni mwaka huu duara lilimwangukia mwanangu Masanja kwenye machimbo ya Geita. Duara ni shimo wanalochimbia dhahabu. Wenzake walifukua mpaka wakachoka, wakaacha, na mwili haukutoka. Hapa Samuye wazee wa ukoo walitaka tuanue tanga, tunyoe nywele na kumaliza msiba. Nilikataa. Tutaanuaje, nikasema, na mtu hatujamzika? Kila jioni baba yake mkubwa alikuja kuuliza tena. Ndipo mdogo wangu Kabula, ambaye mumewe ni askari wa hifadhi kisiwani Rubondo, akanipigia simu.

"Dada, njoo upumzike kidogo. Ukirudi uwape wazee jibu."

Nilipanda basi Shinyanga asubuhi. Tulipofika Geita niliona vifusi vyekundu na maturubai ya wachimbaji, nikafumba macho.

"Mama, unaumwa?" konda aliuliza.

"Naumwa."

Muganza nilipanda boti. Kisiwani nililala, nikala nilichopewa, nikasikia sokwe wakipiga kelele msituni.

Siku ya mwisho, alfajiri, shemeji alitupeleka kwa mtumbwi wa injini kando ya matete. Viboko walikuwa wamejaa ghubani, mamba kaanika mdomo wazi juu ya mwamba, na tembo walishuka kunywa maji na watoto wao. Jua likachomoza, ziwa lote likang'aa. Palikuwa pazuri. Nasema kweli, uzuri huo haukunifikia.

Shemeji alizima injini. "Sasa tunamtafuta nzohe, swala wa majini. Shemeji, ukimwona usimpigie hodi, ana aibu kama bibi harusi."

"Aibu ni yako," Kabula akamjibu. "Ulipokuja kuposa ulijificha nyuma ya ng'ombe wa mahari!"

Walicheka, wakanitazama kama nitacheka nami.

Nzohe alikuwa amesimama kwenye matete, manyoya yamelowa. Alipotuona alirudi nyuma polepole, akazama.

"Yuko wapi?" niliuliza.

"Yuko chini. Ameacha pua tu nje. Anapumua, subiri."

Nilitazama, pua sikuiona. Niliona maji tu, yametulia. Nikasimama. "Mtoeni! Mtoeni huyo!" Mtumbwi ukayumba, Kabula akanishika kanga. Nzohe akachomoka, maji yakaruka, akapotelea kwenye matete.

"Umeona, ametoka," Kabula alisema.

"Na mwanangu, wenzake walimsubiri muda gani? Kama alikuwa anapumua?"

Shemeji, ambaye ujana wake aliumalizia machimboni, akasema, "Udongo si maji, shemeji. Masanja alituacha siku ile ile."

Hakuna aliyekuwa amenieleza hivyo. Hayo ndiyo niliyojifunza safarini, na hayakunituliza. Tulirudi ufukweni, na mchana nikavuka kwenda bara.

Nilipofika Samuye, baba mkubwa alikuja kama kawaida yake.

"Mama Masanja, unasemaje?"

"Anueni."

Wifi yangu alileta wembe na bakuli la maji, akaninyoa nywele zote.