Maneno Ambayo Mchungaji Hakuyatafsiri

Jumapili iliyopita, kwenye kiwanja cha kanisa letu hapa Kasongo, wageni waliokuja kutoka ng'ambo kwa juma moja la kazi ya Mungu walikuwa wanaagana na watu. Bibi mmoja wao alimshika mikono yote miwili mama aliyekimbia vita kule Kabambare, akauliza kwa Kifaransa wamwombee nini. Mchungaji wetu akatafsiri.

Mama alijibu polepole. "Umuambie mutoto wangu alikufa njiani. Tulimuacha kando ya barabara, hatukumuzika. Watusaidie turudi tumuzike."

Mchungaji akamgeukia bibi yule, akasema kwa Kifaransa, "Anawashukuru kwa kufika. Anaomba Mungu awalinde safarini."

Mgeni akatabasamu, akamkumbatia, akaomba wapigwe picha pamoja, akapanda gari.

"Ulimuambia?" mama akauliza.

"Nilimuambia, mama."

"Sasa juu ya nini anacheka?"

Mchungaji akageuka, akaondoka. Nilipomfuata pembeni, alinieleza kwamba wageni wakisikia habari kama zile watarudi kwao na huzuni, na mwaka kesho hawatakuja. Hofu yake naielewa, maana mabati ya shule ya kanisa ni wao walioyaleta. Basi watakuja tena, wakiamini kwamba watu wa Kabambare hawana la kuomba ila kushukuru. Na mama yule ataendelea kuamini kwamba wazungu waliambiwa kifo cha mtoto wake, wakacheka.