Pétronille na miezi iliyofichwa

Mwaka 1983, Dokta Mbuyi, kijana mwembamba wa kutoka Kasai, alifika kwenye materinite yetu, nyumba ndogo ya kuzalia ya Rwambuzi, hapa Bunia, na swali moja: kwa nini watoto wengi wanazaliwa mbele ya siku zao, na ni alama gani ingeweza kutuonya mapema? Swali lile akaliweka mikononi mwa Mama Pétronille, muzalishaji wetu, pamoja na kaye kubwa, daftari la kuandikia. Kila mama mwenye mimba alipaswa kuulizwa: mimba ina miezi ngapi, homa ulishika mara ngapi, unabeba mizigo gani. Kisha apimwe tumbo kwa metre ya fundi wa nguo.

Pétronille alikuwa mwanamuke munene, wa kutembea polepole, ambaye Mungu hakumupa mutoto wa kwake, na rozari haikutoka mufukoni mwake. Ile metre ilimupendeza kupita kiasi. Alipima matumbo, akapima meza, akapima hata padri alipokuja kubariki nyumba, akamwambia siku zake ziko karibu.

Mwisho wa mwezi wa sita, Dokta akafungua kaye, akapitisha kidole juu ya mistari.

"Mama Pétronille, watoto makumi sita wamezaliwa, na hapa ninaona makumi ine walikuja mbele ya siku. Huyu alizaliwa na miezi sita. Kilo tatu na nusu."

"Ndiyo, Dokta. Mutoto muzuri sana."

"Mutoto wa miezi sita hawezi kuwa na kilo tatu na nusu."

"Hawezi," Pétronille akaitika. "Lakini uliniambia niandike vile bamama banasema. Niliandika vile banasema."

Kwetu mimba haihesabiwi kwa sauti. Miezi ya kwanza mwanamuke anaificha, kwa kuogopa jicho baya, mpaka tumbo lijiseme lenyewe. Hapo ndipo anaanza kuhesabu moja. Mimi pia nilifanya vile kwa watoto wangu saba, na sijui nilikuwa ninamudanganya nani, maana nilitapika mbele ya kanisa lote.

Kama ingekuwa ni kaye tu, tungecheka na kuiacha. Lakini kulikuwa na Emérance, muke wa Katsuva. Alikuwa amezika watoto wawili. Wote walikuja mu mwezi wa saba, baada ya mama kushikwa na homa kali, na wote walikufa siku ileile. Sasa alikuwa na mimba ya tatu. Dokta alitaka mwezi wa saba umukute tayari karibu na hospitali ya Nyankunde, si hapa Bunia akingojea gari. Lakini ule mwezi ungeanza lini? Kila alipoulizwa, mama mukwe wake, Joséphine, alimujibia: "Miezi mine." Mwezi wa ine alisema mine, mwezi wa tano mine, na sasa tena mine.

"Hii mimba iko na uvumilivu," Pétronille akasema.

Akaacha kaye juu ya meza, akavaa kikwembe chake cha yenga, kile cha kwenda kanisani, akaenda kula sombe, majani ya muhogo, kwa Joséphine. Habari ya miezi hakuigusa.

"Weye haujazala," Joséphine akamuchokoza. "Unajua nini ya mimba?"

"Padri naye hajakufa, mama, lakini kila yenga anatuelezea mbinguni."

Joséphine akacheka mpaka akaweka sahani chini.

"Ile samaki ya makayabo ya Pasaka," Pétronille akaendelea polepole, "nilisikia Emérance aliikataa. Pengine chumvi haikutoka muzuri."

"Nani anasema vile? Mimi sijue kupika makayabo? Yeye alikuwa anatapika kila kitu tangu Majivu. Hata maji."

Kisha akaziba kinywa kwa mukono. Jumatano ya Majivu ilikuwa katikati ya mwezi wa pili. Pétronille alihesabu kimoyomoyo, akaongeza mwezi na nusu wa mbele ya kutapika: mwezi wa saba ulikuwa mulangoni.

"Umetoa siri inje," Joséphine akasema kwa sauti ndogo. "Huyu wa tatu akienda, ni kinywa changu kitakuwa kimemuua."

"Mama Joséphine, wale wawili tuliwaficha muzuri sana. Hakuna mutu alijua kitu. Na walienda."

Joséphine akaficha mikono ndani ya kikwembe.

"Basi majirani waambiwe anaenda kusalimia shangazi."

"Tutawaambia."

"Na mimi ninaenda naye."

"Shangazi atafurahi."

Kule Nyankunde, Emérance alimeza nivakine, dawa ya malaria, kila juma, na bado homa ilimushika mwisho wa mwezi wa nane. Akazala mutoto mwanaume wa kilo moja na gramu mia tisa, huyo sasa wa mbele ya siku kweli. Waganga wa hospitali walikuwa palepale. Joséphine akamufunga mutoto kifuani ndani ya vikwembe viwili, na majuma matatu hakukubali mutu amwondoe, isipokuwa kunyonya na kwenda kwenye mizani.

Dokta Mbuyi na Pétronille wakafika na kaye yao. Mutoto alikuwa amepita kilo mbili.

"Alizaliwa na miezi ngapi?" Dokta akauliza, akimwangalia Joséphine kama kawaida.

Emérance mwenyewe akajibu, kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha pili:

"Minane ilikuwa haijatimia, Dokta. Ilibaki siku kidogo."

Joséphine akavuta kikwembe, akamufunika mutoto masikio.