Picha ya Mzungu Mlangoni

Nilitoka Tanga nikaja Mombasa kufundisha Kiingereza, na mwaka wa pili nikafungua skuli yangu ndogo ghorofani, Ndia Kuu, juu ya duka la vinyago. Vyumba viwili na madawati ya kuazima. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima: makarani wa magodauni ya Shimanzi, akina mama wenye maduka, na mpishi mmoja wa hoteli. Mwenzangu, mwalimu mstaafu wa Ganjoni, alishika uandikishaji. Mimi nilifundisha.

Asubuhi moja nikapanda ngazi nikakuta bango jipya mlangoni. Mzungu mwenye ndevu anatabasamu, na chini yake maneno: Jifunze kwa wenye lugha.

"Ni nani huyu?" nikamuuliza mwenzangu.

"Mtalii. Amekubali kutufundishia miezi miwili. Usikasirike, dadangu. Watu wakimwona Mzungu wanaandikisha."

Wakaandikisha kweli. Wiki ile madawati hayakutosha. Hata karani wangu wa Shimanzi, niliyemfundisha tangu hajui kuandika barua moja ya kuulizia kontena, alihamia chumba cha pili bila kuniaga.

Nikasimama nje ya chumba hicho nikasikiliza. Bwana yule alikuwa akikosea. Sisemi lafudhi, nasema makosa hasa, ya wakati uliopita, ya umoja na wingi, na watu wazima wakiyanakili madaftarini. Kipindi kilipokwisha niliingia, nikafuta sentensi nne ubaoni na kuziandika upya.

Karani akainua mkono. "Kwa heshima yako, mwalimu, yeye ndiye mwenye lugha."

Uso ukaniwaka. Kabla sijajibu, Mzungu mwenyewe akasema, kwa Kiingereza chake cha kukwamakwama, kwamba kwao hakisemwi Kiingereza. Alijifunza skuli, kama wao. Na mwalimu amesahihisha sawa.

Nilidhani yamekwisha. Mama mmoja wa duka la vitambaa akasema kwa upole kabisa, "Si neno. Sisi twamtaka yeye."

Angenitukana ningejua pa kuanzia. Ule upole sikuwa na la kuufanya.

Nikamwendea mwenzangu. "Ulijua?"

"Aliniambia siku ya kwanza."

"Na bado ukaandika wenye lugha?"

"Sikuandika lugha gani."

Nikalibandua bango, nikalichana mbele yake, na sikumwomba radhi, wala leo siombi. Mzungu alikuja baadaye kuniomba radhi yeye, asiye na kosa kubwa, nami nikamjibu vibaya. Hilo najuta.

Lakini kuna jambo linalonikera kuliko bango. Nilipokuwa msichana Tanga, mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa mtu wa kwetu, hodari mno, nasi tukimwigiza matamshi yake uani na kucheka hadi machozi. Yote niyajuayo alinipa yeye. Kila nilipomkasirikia yule karani, nilijisikia nikicheka pale uani, na hasira ikazidi.

Mwenzangu alilihamishia darasa la Mzungu Ganjoni. Walimfuata karibu wote. Nilibaki na watu sita, mpishi akiwamo. Siku moja nilimuuliza kwa nini hakwenda na wenzake, nikitarajia neno la kunipoza moyo.

"Ganjoni ni mbali na kazini kwangu, mwalimu," akasema, akafungua daftari.