Chacha Alipopiga Magoti Jiweni

Nakumbuka siku moja, miaka ile ya vijiji vya ujamaa, mdogo wangu Chacha alirudi kijijini kwetu Natta kutoka mjini, akatupa kijitabu juu ya unga niliokuwa nikisaga. Alikuwa amechaguliwa kwenda Kuba kusomea udaktari, lakini mwalimu wao wa Kihispania alikuwa amesema: asiyeweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti Jumamosi, anabaki.

"Wamenicheka, dada. Nitachunga ng'ombe tu."

"Ng'ombe gani? Tunao watatu, na mmoja haoni."

Mwanangu, kosa langu nalikiri. Kila alipokuja nyumbani aliniomba nimsikilize akisoma, nami nikamfukuza: hayo ni ya wasomi. Niliacha shule darasa la tatu, wazazi wetu walipofariki, nikawalea wadogo wanne. Niliona aibu hata kukigusa kitabu.

Safari hii nikamwambia, "Soma." Akasoma *hospital* akiikaza silabi ya katikati, kama tunavyozoea sisi. Maneno yote alisoma hivyohivyo.

"Mwalimu anasemaje?"

Akanieleza. Neno likiishia kwa irabu, n au s, mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Likiishia kwa konsonanti nyingine, mkazo huenda mwisho. Likiwa na alama juu, fuata alama.

"Kumbe unajua! Basi saga."

"Nisage? Mimi mwanaume?"

"Wanaume wenzako wanajiandaa kupanda ndege. Piga magoti."

Akapiga magoti kwenye jiwe la kusagia ulezi. Kila silabi, sukumo moja. Penye mkazo, aegemee kwa uzito wote. Ca-MI-no. Hos-pi-TAL. Co-ra-ZÓN. Akikosea, anarudia. Majirani walichungulia uani wakimwita bibi harusi. Hakuinuka. Siku tatu tulikula ugali laini kuliko kijiji kizima.

Jumamosi nilimsindikiza mjini, nikasimama dirishani pa darasa lao. Akafika kwenye neno refu, *responsabilidad*, yaani wajibu. Wenzake wakaanza kuguna. Nikayaona mabega yake yakisukuma: res-pon-sa-bi-li-DAD! Mwalimu akagonga meza.

"Huyu anakwenda!"

Nikapiga kigelegele. Mlinzi akanikaripia, nikapiga kingine.

Mwanangu, usimnyime ndugu yako msaada eti kwa kuwa hukusoma. Msikilize kwanza, huenda anachokosa ni mtu wa kukaa naye tu. Na wewe unayesoma, jambo refu likikutisha, likate vipande, ujue wapi uweke nguvu zako. Wala usione haya kupiga magoti mahali utakapochekwa. Mungu akutangulie, akufikishe mbali kuliko tulikofika sisi.