Baba mkwe aliyachuma maua ya harusi kama chai, na mila hainiruhusu hata kumuuliza

Wakuu, salamu kwenu mnaochangia, na nyie mnaosomaga kimya kimya mkaondoka na maarifa ya bure.

Nina jambo lililonikuta mwaka huu. Limeisha salama, na kwa kuwa limeisha salama, leo naweza kulisimulia bila kulia. Kila neno ni kweli. Hii si chai, ingawa humo ndani chai ipo ya kutosha.

Mimi ni mwanamke, mama wa mtoto mmoja, kwetu ni Njombe. Nimeolewa Rungwe, nje kidogo ya Tukuyu mjini, huku ambako mvua haisubiri kualikwa.

Kabla ya ndoa nilifanya kazi Arusha kwenye shamba la maua ya kusafirisha nje. Idara ya kupakia, si ya shambani. Maua yalikuwa yananifikia yameshakatwa, mimi nafunga mafungu na kupanga kwenye maboksi. Hiyo tofauti ndogo ndiyo iliyotaka kuniua.

Huko nilipenda ua moja linaitwa skabiosa.

Kwa msiolijua: lina bua refu jembamba, halafu juu kichwa cha duara. Katikati ya kichwa pana vijinywele vimesimama, vinafanana kabisa na kile kisponji ambacho fundi cherehani anachomekea pini. Kuna ya zambarau iliyopauka, kuna nyeupe, na kuna nyekundu iliyoiva mpaka inakaribia weusi. Ukilikata ukaliweka kwenye maji safi, linakaa siku nyingi halijachoka.

Basi nilipata mbegu, nikasia kwenye kitalu nyuma ya jiko, miche ilipopata nguvu nikaihamishia pale ambapo mama mkwe alikuwa analima maboga. Alinipa pale kwa roho moja. Ua hili halitaki mizizi ikae kwenye maji, na kwa mvua za kwetu hapo ndipo penye kazi. Niliinua matuta yakafika magotini, nikachanganya na mchanga wa mtoni. Majirani wakipita wananiuliza, "Hiyo mboga inaungwa na karanga?" Nawajibu inaungwa na macho.

Yakaota. Wakuu, yakaota vizuri mno, mpaka nikaanza kujiona mtaalamu.

Na hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza.

Wifi yangu Atupele alikuwa anaolewa. Kwenye kikao cha harusi ikaja hoja ya maua, mpambaji mmoja kutoka Mbeya akapendekeza ya plastiki. Mimi nikasimama. Hakuna aliyenituma. Nikasema mbele ya ukoo mzima, "Maua ya Atu niachieni mimi. Ya mkononi, ya wasimamizi, ya kanisani, yote yatatoka nyuma ya jiko la mama."

Wakapiga makofi. Katibu akafuta maua kwenye orodha, yakaisha.

Maana yake mnaielewa. Yakikosekana, Atu anaingia kanisani mikono mitupu, na mimi nabaki kuitwa yule mkwe wa Njombe aliyeharibu harusi kwa kujisifu. Na Atu ndiye aliyenipokea vizuri kuliko wote siku naletwa pale. Ndiye aliyenifundisha hata kusema "ndaga", yaani asante, kabla sijajua neno lingine lolote la Kinyakyusa. Sikutaka kumwangusha yule binti.

Sasa kabla sijaendelea, niwaeleze mila moja, maana bila hiyo hamtanielewa.

Wanyakyusa wana kitu wanaita kutila. Mke wa mtu anamtila baba mkwe wake, yaani anamheshimu kwa kumkwepa. Humtazami usoni. Humsemeshi. Hulitaji jina lake. Ukimwona njiani unaingia migombani mpaka apite. Na yeye naye akikaribia anakohoa ujue anakuja. Siku hizi wengi mjini wameshaachana nayo, ila kwenye boma letu bado ipo, na mimi nimeikubali. Kusema kweli nimeishi pale miaka minne na sura ya mzee naijua kwa picha ya ukutani.

Mzee mwenyewe ni mchuma chai mstaafu. Amechuma chai ya kampuni tangu kijana mpaka mgongo ulipogoma. Sasa ana ndama wake wawili, na njia ya kwenda kwao inapita kando ya maua yangu.

Maua yakaanza kufunguka, harusi bado zaidi ya miezi miwili. Nikapiga marufuku. Hakuna kugusa. Nikazungushia fito za mianzi na kamba. Mama mkwe aliniomba machache ya kuweka madhabahuni, nikamnyima, wakuu. Mama wa watu aliyenipa ardhi yake nikamwambia, "Mama, tusubiri, haya ni ya Atu." Nilikuwa nayatunza kama kuku anayeatamia.

Nikaona vile vichwa vinapukutisha petali na kugeuka vijiduara vikavu, nikasema yanapumzika. Maua mapya yakawa machache kila wiki. Nikasema ni baridi.

Siku moja mama mkwe akaniletea ujumbe jikoni.

"Mama Lugano, mzee anasema maua yako yanazeeka. Anasema yachume."

Nikacheka. Nikamjibu, "Mama, mwambie baba haya si chai."

Sijui kama aliufikisha hivyo hivyo au aliupunguza makali. Namwomba Mungu iwe aliupunguza.

Zikabaki wiki nne na siku chache. Nikaenda Njombe siku tatu, kipaimara cha mtoto wa dada. Narudi Jumanne, bodaboda ananishusha barabarani, nashuka na begi langu kwenye njia ya nyumbani, najisemea moyoni nikayasalimie maua kwanza.

Nikakuta mtu yumo ndani ya uzio wangu.

Amenipa mgongo. Mgongoni ana kikapu cha kuchumia chai. Na mikono yote miwili inafanya kazi, tap tap tap, vidole vinaruka juu ya tuta bila hata kuangalia, vinavunja kichwa, vinatupia nyuma ya bega, vinavunja kingine. Vilivyokauka, vilivyofunguka, vyote. Anasawazisha juu pawe sawa kama meza, kama wanavyofanya kwenye chai.

Baba mkwe.

Nilifungua mdomo nipige yowe. Nikaufunga.

Kwa sababu namwitaje? Jina sitaji. Kumsemesha sisemi. Akigeuka tutatazamana uso kwa uso, na hiyo itakuwa kesi nyingine kubwa kuliko maua.

Nikazama migombani. Nikachuchumaa na begi kichwani, na kwa bahati yangu nilichuchumaa kwenye njia ya siafu. Wakuu, nimeng'atwa mapaja na siafu huku nikitazama harusi ya wifi yangu ikichumwa, na sauti siwezi kutoa. Nilitukana kwa Kibena, lugha ya kwetu, moyoni, mpaka maneno yakaniishia.

Alipomaliza akajinyoosha, akaangalia kazi yake, akaondoka taratibu na kikapu kimejaa.

Nilipotoka nilipekua matuta yote manne. Ua hata moja la dawa halikubaki. Nikakaa chini palepale kwenye matope nikalia kwa sauti.

Mama mkwe akatoka jikoni mbio. Nikamwambia, "Mama, Atu hana maua."

Akasema, "Mwanangu, mzee aliona siku zinakwenda na wewe hutaki kusikia. Akasema heri achume yeye."

Mume wangu nikamwambia akamuulize baba yake kwa nini. Akaniangalia hivi, akasema, "Nikamuulize nini? Kwamba mchuma chai kachuma?" Akarudi kwenye randa yake, ni fundi seremala. Nilimnunia siku mbili.

Nikampigia simu rafiki yangu wa Arusha, dada aliyekuwa upande wa shambani. Nikamsimulia huku nashikwa na kwikwi. Yeye anacheka.

"Ulikuwa huyakati kabisa?"

"Nilikuwa nayahifadhi."

"Wewe mtu wa maboksi! Nani alikwambia maua ya kukata yanahifadhiwa shambani? Ua likishapata mbegu, mmea unajua kazi imeisha, unalala. Ukikata, linachipua jingine. Usipokata, unaliua. Sasa huyo aliyekukatia ni nani?"

"Baba mkwe."

"Kakuokoa. Ungefika siku ya harusi na mbegu tupu."

Nikamuuliza yatarudi lini. Akasema wiki tatu, wiki nne, pengine tano, inategemea jua. Jua! Tukuyu!

Wakuu, aibu iliyonishika hapo sitaki kuielezea sana. Ila aibu haikuondoa hofu. Wiki nne zilikuwa ndizo hizo hizo nilizonazo, na mvua ikanyesha wiki nzima ya kwanza bila kupumzika. Nilikuwa nachimba mifereji kati ya matuta na jembe nimevaa mfuko wa nailoni kichwani. Mchana nikitoka kazini kwangu (nina kibanda cha kushona), naenda kutazama. Hakuna kitu. Atu anapiga simu kutoka Mbeya, "Wifi, maua yanaendeleaje?" Namwambia yanaendelea. Sikusema yanaendelea wapi.

Siku ya kumi nikaona vichipukizi vinatokea kwenye kwapa la kila jani. Si kimoja, ni viwili viwili.

Wiki ya tatu vikatokea vichwa vidogo kama punje ya njegere. Vingi kuliko mwanzo, wakuu, sidanganyi. Lakini vimefumba.

Wiki ya nne Jumatatu, vimefumba. Jumanne, vimefumba. Jumatano nilimwambia mume wangu anitafutie namba ya yule mpambaji wa plastiki. Aliiandika kwenye kipande cha ubao akaniwekea mezani.

Alhamisi jua likatoka. Jua kweli kweli, lile la kuanikia mahindi. Jioni yake yakafunguka kama ishirini.

Ijumaa asubuhi sikuamini macho yangu. Matuta yote manne yamejaa, zambarau, nyeupe, na yale mekundu meusi. Nikasimama pale nikasema "Ee Kyala", ndivyo wanavyomwita Mungu huku, maana Kiswahili kilinikataa.

Nikakata kabla umande haujakauka, bua refu, majani ya chini naondoa, moja kwa moja kwenye ndoo ya maji. Kila ndoo ya nyumba ile ilikuwa na maua. Tuliogea sufuria. Wamama wa kwaya wakaja kunisaidia kufunga, mama mkwe akachagua ya madhabahuni yeye mwenyewe, nikamwambia, "Mama chukua, chukua mpaka useme basi."

Jumamosi Atu aliingia kanisani ameshika skabiosa za zambarau na zile nyekundu katikati, na majani ya kando ya mto. Mimi nilikuwa benchi la tatu. Pumzi iliyonitoka nadhani iliyumbisha pazia la kanisa. Mtu akauliza nyuma yangu, "Haya yametoka Arusha?" Mwingine akajibu, "Yametoka kwa mkwe wao hapo." Nililia, safari hii kwa raha.

Jumapili nilimfuata mama mkwe jikoni. Nikamwambia ukweli wote, kwamba mwenye kosa nilikuwa mimi, kwamba mzee alijua na mimi sikujua, na nilimkosea heshima kwa lile jibu la chai. Nikamwomba anifikishie samahani na shukrani zangu.

Akaenda. Akarudi anajifuta macho kwa kanga, anacheka.

"Mzee anasema nikwambie, yeye anajua chai. Maua hajui."

Nikasema sijaelewa.

"Alibahatisha, mwanangu. Alipokusikia unalia pale kwenye matope, aliingia ndani akakaa kitandani. Akaniambia, nimeharibu harusi ya mtoto wangu mwenyewe. Wiki zote nne, kila asubuhi kabla hujaamka, anasema anakwenda kwa ndama, kumbe amesimama kwenye maua yako. Chakula anakishika shika tu. Ijumaa alirudi ndani, akakaa, akamaliza ndizi za sufuria nzima peke yake."

Wakuu, nilikaa kwenye kigoda. Kumbe wiki nne zile tulikuwa wawili tunaougua ugonjwa mmoja, ukuta mmoja katikati, na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake.

Funzo langu: ukiwa na maua ya kukata, yakate, usiyaogope. Matuta yainuke, maji yapite, kata mapema asubuhi. Na ukiletewa ushauri na mtu ambaye mikono yake imefanya kazi maisha yake yote, sikiliza kwanza, kucheka baadaye. Mimi nilichanganya kujua jina la ua na kulijua ua.

Tangu siku ile kila Jumatano mzee anapita na kikapu chake, anachuma vilivyochoka, mimi nabaki ndani mpaka amalize. Uzio nimeutoa.

Sasa nyie wenye wakwe, hasa wa Rungwe na Kyela mnaoijua hii mila, nisaidieni. Shukrani niliyopitisha kwa mama naona haitoshi. Mtu ambaye huruhusiwi kumtazama wala kumsemesha, unamshukuruje mpaka ajue umemshukuru?