Mdhamini Mwenye Viti Viwili

Mume wangu ni kinyozi. Kibanda chake kina viti viwili, kimoja kimelegea, anayekikalia huonywa asicheke. Lakini msimu uliopita jina la kibanda hicho lilikuwa kwenye jezi za timu ya ligi kuu, na bwana mkubwa akatembea mtaani kifua mbele, mimi namwangalia tu.

Ilikuwa hivi. Klabu yetu ilikuwa inachungulia kushuka daraja. Tajiri mmoja muuza saruji alitaka kuinunulia mshambuliaji, ligi ikakataa: klabu itumie inachoingiza yenyewe, si mfuko wa mtu. Yaani mbuzi ale kwa urefu wa kamba yake. Haya, na wale waliofungiwa kamba ndefu tangu zamani? Vigogo wanajaza viwanja, wanauza jezi, kwa hiyo wanaruhusiwa kununua. Sisi viingilio vyetu havitoshi hata nauli ya mechi za ugenini. Niliichukia sheria ile, nasema wazi.

Tajiri akamjia mume wangu. "Fundi, utakuwa mdhamini; udhamini ligi inauhesabu mapato ya klabu. Fedha zangu, jina lako. Ukiulizwa, sema umelipa wewe." Mume wangu kwa mapenzi ya klabu akakubali, hata mimi hakuniuliza. Mshambuliaji akaja, akafunga, tukaanza kupanda.

Siku moja akaingia mteja mgeni, mpole, akakaa kwenye kiti kizima. "Biashara inaendaje, fundi?"

Jamani! Mfanyabiashara gani akiulizwa hivyo anajibu nzuri? Mume wangu akaanza wimbo wake wa kila siku: "Acha tu, kaka. Hali ngumu. Kodi ya pango inanitoa jasho, umeme ndiyo usiseme. Hata mashine hii nimeazima." Mimi nilikuwa mlangoni naanika taulo. Nikakohoa mpaka koo likauma. Wapi!

Mgeni akalipa, kisha akatoa kitambulisho. Mkaguzi wa ligi. "Sasa fundi, zile jezi nani alizilipia?" Mume wangu akaanza kufagia nywele sakafuni. "Na huyo tajiri akichoka, wachezaji watalipwa na nani?"

Nikamjibu mimi: "Hilo halikuhusu, baba. Nyinyi mnawaonea wanyonge tu." Hakubishana, akaenda zake.

Tukakatwa pointi, tukashuka. Wiki ileile tajiri akazima simu. Nilimsema mume wangu asubuhi na jioni, "Mdomo wako huo!" na yeye, "Mama watoto, niache."

Kisha mshambuliaji akaja kunyolewa, begi mkononi. Hajalipwa tangu tajiri apotee. Waliokuwa wakimshangilia uwanjani walipita mlangoni wakitazama chini. Mume wangu alimnyoa taratibu, akampangusa shingo. Kijana akajipapasa mifuko. "Kaka, nitakuletea."

Mume wangu akafungua droo, akampa zote zilizokuwamo, apate nauli ya kurudi kwao. Zilikuwa za kodi. Nilifungua mdomo nipige kelele, nikajikuta namshikia kijana begi lake. Hizo ndizo fedha za kwanza ambazo mdhamini yule alizitoa kweli.