Maradhi Tuliyoyaita Jicho

Kaka yangu alikuwa mwembamba, na wembamba wake ulitughuri sote. Alikuwa akisomesha skuli Mudhaibi, na kila Alkhamisi akija kwetu Ibra, hapa Omani, kumwamkia mama. Siku aliyofariki alifika amejishika kifua, akasema safari imemchosha, akajinyoosha sebuleni. Hakuinuka tena. Alikuwa na miaka arobaini na miwili.

Baada ya matanga mama alikataa kuingia jikoni. "Mimi ndiye niliyekuwa nikimmiminia samli," akisema.

Hospitali walisema ni moyo, wakatuita mimi na yeye tupimwe damu. Daktari alikuwa msichana wa hapa hapa, Kiswahili chake amekipata kwa bibi yake.

"Mama, chakula ina sehemu yake," alisema, "lakini hii ya kijana wako imetoka kwa wazee. Kolesteroli ni mafuta, ini inatengeneza yenyewe. Kuna watu wanazaliwa mwili haiwezi kuisafisha, hata mwembamba. Inaganda kwenye mishipa ya moyo pole pole, na haiumi."

Kipimo cha mama kilikuwa kizuri. Changu kilikuwa juu sana.

"Baba yao alikufa na nini?" daktari akauliza.

"Kifua. Ghafla. Hawa wadogo bado."

Sisi tulikua tukijua kuwa baba ameuliwa na jicho. Alikuwa ndiyo kwanza amejenga nyumba, na shoga yake mama, waliyekuja naye kutoka Unguja, aliingia akaisifu bila ya kusema mashallah. Wiki ile ile baba akafa. Toka hapo mama hakumsemesha, na tukipita mlangoni kwake akitufunika nyuso kwa buibui lake.

Tuliondoka kwa gari. Tulipokaribia nyumbani mama akaniambia, "Nipeleke kwake."

Yule bibi alitufungulia mwenyewe, ameegemea mkongojo.

"Shoga, nimekudhulumu," mama alisema pale pale mlangoni. "Mume wangu alikuwa na maradhi ya moyo. Leo ndiyo nimejua."

Bibi akamjibu, "Watoto wako ulikuwa ukiwaziba nyuso wasinione."

"Naam. Nilifanya."

"Mimi sikujaaliwa wangu. Nilikuwa nikiwapenda hawa." Akasogea kutupisha. "Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Lakini kusahau usiniombe."

Alitukaribisha ndani, akatupa kahawa. Walizungumza habari za magoti na za joto, kama watu waliojuana juzi. Usuhuba wao wa zamani haukurudi. Kurudi nyumbani mama alilia njia nzima.

Mimi sasa nameza kidonge kila siku, samli nimeiacha, na alasiri natembea. Wanangu wote nimewapima. Wa pili, binti wa miaka kumi, amerithi. Aliponiuliza kwa nini yeye anakwenda kwa daktari na nduguze hawendi, nilimkalisha nikamwambia babu yake na mjomba wake walikufa kwa maradhi gani, na kwamba yake tumeyajua mapema na yana dawa.